Fitri Mlangoni kwa Bi Kulthum

Kazi ya Ridhwani ilikuwa kuwauliza watu maswali ambayo hata jamaa zao hawakuthubutu kuwauliza. Mnapika mara ngapi kwa siku? Nani analeta riziki hapa nyumbani? Mna shamba, mna minazi, mna sehemu katika chombo cha baharini? Na huyo mjomba wenu wa Mombasa, hatumi kitu?

Alikuwa karani katika ofisi ndogo ya elimu pale Amu, mji wa kisiwa cha Lamu. Mwaka wa 1953 matajiri wa mji walipounda kamati ya kuwasomesha vijana huko Mombasa, yeye ndiye waliyemfanya katibu. Kamati ilitoa karo, nauli na nguo za shule. Katibu alikwenda majumbani kuhakikisha kwamba anayeomba ana haja kweli, kisha akarudi kuwaambia wakubwa: huyu ndiye, huyu siye.

Ridhwani aliijua kazi hiyo kutoka upande wa pili. Alizaliwa Siyu, mtoto wa mkulima, akasomeshwa kwa hisani ya tajiri mmoja ambaye kila alipopata mgeni alimwita barazani na kumsimamisha mbele ya watu. "Mnamwona huyu? Namsomesha mimi. Baba yake hana kitu." Ridhwani alikuwa akisimama, akiangalia vidole vya miguu yake, akingoja aambiwe aende. Kwa hiyo alipoanza kazi ya kamati alijiwekea sharti moja: anachokiona ndani ya nyumba ya mtu hakitoki. Kwa wakubwa alikuwa akisema neno moja tu, "Nimehakikisha," nao wakilikubali.

Aliipenda kazi, na aliipenda zaidi alipopata habari kwamba idara ya elimu ya Mombasa inatafuta karani wa kushughulikia misaada ya wanafunzi wa Pwani nzima. Hiyo ilikuwa kazi hasa, yenye meza yake na cheo chake. Mzungu aliyesimamia idara hiyo alimwambia waziwazi kwamba anamtaka mtu aliyekwisha kuifanya kazi yenyewe, na kwamba neno la mwenyekiti wa kamati ya Amu lingetosha. Mwenyekiti alikuwa Bwana Abdulghafur, mwenye maduka na mashamba, mtu mkarimu na mwenye sauti kubwa. Kuanzia siku hiyo Ridhwani akawa anamwitikia Bwana Abdulghafur kabla hajamaliza kuita.

Ombi la Bi Kulthum lililetwa na mwanamke aitwaye Nana, msusi wa mikeka wa Kipungani aliyezoea kuzunguka Amu akiuza. Nana alisubiri ofisi iwe tupu ndipo akasema.

"Bi Kulthum wa Mkomani akuita. Mwanawe Fadhil amefaulu, na shule ya Mombasa imemkubali. Lakini asema uje saa ya watu kulala mchana, na usiseme waenda kwake."

Ridhwani alishangaa. Nyumba ya Bi Kulthum mtaani Mkomani aliijua kila mtu. Mlango wake wa nakshi ulikuwa ukitazamwa na wageni, na marehemu mumewe alikuwa na vyombo viwili vya kwenda Arabuni. Maskini wa mtaa walikwenda kupokea pale kila Ijumaa. Alidhani labda mama huyo ana jamaa mwingine maskini anayetaka kumwombea.

Alikwenda adhuhuri, Usita, njia kuu ya mji, ukiwa mtupu. Fadhil mwenyewe alimfungulia, kijana wa miaka kumi na mitano, mrefu, mwenye haya. Bi Kulthum alizungumza akiwa nyuma ya pazia. Alimwuliza hali, akamwulizia wazee wake wa Siyu. Kisha pazia likafunguka, akatoka amejitanda kanga.

"Kusema sitaweza," alisema. "Ndoo uone kwa mato yako."

Akampitisha ndani ajionee kwa macho yake. Ukuta wa mwisho ulikuwa na zidaka kutoka chini hadi juu, vile vishubaka vya chokaa ambavyo nyumba za Amu huwekewa sahani za Kichina na vitu vya fahari. Vyote vilikuwa vitupu. Pazia kubwa lilikuwa likiteremshwa mbele ya ukuta huo kila akija mgeni. Vitanda vya kazi ya pembe havikuwapo. Jikoni palikuwa na muhogo, chumvi na nazi nusu. Katika kona moja binti yake Hadia, bado mdogo, alikuwa amekaa mkekani akishona kofia, na kando yake palikuwa na nyingine zilizokwisha kushonwa, kazi nzuri ya mkono mwepesi.

"Twashona mimi na mwanangu," alisema Bi Kulthum. "Nana huziuza, asema zake."

Ridhwani alikumbuka kwamba kofia aliyoivaa aliinunua kwa Nana. Akajikuta ameinua mkono kuigusa, akaushusha.

"Vyombo vya bahari viliuzwa kulipa madeni ya marehemu," aliendelea mama. "Na sahani nikaziuza mwenyewe, moja moja, Mombasa, si hapa. Kila Ijumaa nikitoa, najua mimi nimekitoa wapi. Mji huu wanijua mimi natoa. Sasa, Bwana Ridhwani, ukiweza kumsaidia Fadhil bila ya jambo hili kutoka, nitakuombea Mungu. Ukiwa huwezi, nambie sasa, tuache. Sitakuwa na neno nawe."

"Bi Kulthum, litakufa nami."

"Usinambie litakufa nawe. Nambie hutalisema."

"Sitalisema," akasema Ridhwani, na alikuwa anasema kweli.

Kamati ilikutana mwezi wa Ramadhani, baada ya sala ya alasiri, ghorofani kwa Bwana Abdulghafur. Watu walikuwa wamechoka kwa saumu na kila mmoja alitaka kurudi kwake. Majina yalipita upesi. Vijana wawili wa Siyu walipitishwa, na mmoja wa Kipungani. Ridhwani alipotaja jina la Fadhil mwana wa Bi Kulthum, Bwana Abdulghafur akacheka.

"Rudia."

Akarudia.

"Nyumba ile? Kijana, nyumba ile ilikuwa ikiwalisha watu baba yako hajazaliwa. Umeingiwa na nini?"

"Nimehakikisha, Bwana."

"Umehakikisha nini? Mimi hupita pale kila siku. Ijumaa iliyopita nimeona kwa macho yangu maskini wakitoka na vitu."

"Nimehakikisha," akasema tena Ridhwani, sauti ikiwa imepungua.

Mzee mmoja akanong'ona kwa mwenzake, lakini si kwa kunong'ona sana, kwamba huenda katibu ameahidiwa kitu. Mwingine akasema mbona wa Siyu mwaka huu wamekuwa wawili. Bwana Abdulghafur akaegemea mto wake akamtazama Ridhwani kwa muda.

"Mimi nimekusifu kwa Mzungu," alisema. "Nimeweka jina langu. Wenzangu wanauliza kama wewe unawapa jamaa zako wa Siyu, na kama kuna tajiri amekutia kitu mkononi. Sitaki kuamini. Basi tueleze, tusikie, tufunge mambo haya tukafuturu."

Angeweza kusema, "Niondoeni katika kazi, lakini hilo sisemi." Baadaye, kwa miaka mingi, maneno hayo yalimjia yakiwa yamepangika vizuri, mafupi, mepesi kutamka. Siku ile hayakumjia. Aliona meza ya Mombasa inaondoka, na akajiona barazani kwa yule tajiri wa utotoni wake, macho ya watu wote yakiwa juu yake. Akafungua mdomo.

Akasema zidaka ni tupu. Akasema habari ya pazia. Akasema habari ya muhogo na nazi nusu. Alipoona nyuso zinabadilika, watu wanainuka kwenye mito yao kumsikiliza, hakukomea hapo ambapo pangetosha. Akasema habari ya sahani zilizouzwa Mombasa. Akavua kofia yake akaishika juu.

"Na hii, mabwana, hii ni kazi ya mkono wake Bi Kulthum! Na hizo mlizovaa pia! Nana wa Kipungani ni mchukuzi tu."

Mzee mmoja akaivua yake akaitazama. Bwana Abdulghafur macho yalimjaa machozi, machozi ya kweli.

"Subhanallah," alisema. "Na sisi tuko hapa. Na sisi ni majirani."

Fadhil akapitishwa bila pingamizi. Bwana Abdulghafur akamshika Ridhwani bega mbele ya wote, akasema hajaona karani anayefika mpaka jikoni kuutafuta ukweli namna hii, na kwamba maneno hayo hayo atamwambia Mzungu. Ridhwani alishuka ngazi akiwa mwepesi. Alifuturu vizuri siku hiyo. Ndilo jambo alilolionea haya kuliko yote alipokuja kulifikiria: kwamba alifuturu vizuri.

Futari Amu hupelekeana majirani, tajiri kwa maskini na maskini kwa tajiri, na hakuna aibu katika sahani ya futari. Zaka ya fitri, pishi ya mchele itolewayo mwisho wa mfungo, ni jambo jingine. Hupewa mhitaji, na kila mtu anajua hupewa nani.

Siku ya mwisho ya mfungo Ridhwani alipita Mkomani akielekea msikitini, akaona watu mlangoni kwa Bi Kulthum. Kulikuwa na wake wa wanakamati na watumishi wao na watoto wao, kila mmoja na pishi ya mchele katika kikapu au kitambaa. Punda wa Bwana Abdulghafur alikuwa amesimama katikati ya njia na gunia zima mgongoni, na njia ikiwa nyembamba, wapitao wakabaki wamesimama nyuma yake wakitazama. Hakuna aliyekuja kwa ubaya. Wengine walikuwa wanafuta machozi. Kwa miaka yote nyumba ile ilitoa. Leo mji ulikuwa unarudisha, na uliona fahari kurudisha.

Hadia alifungua mlango akaona vikapu, akarudi ndani mbio. Watu wakangoja. Ridhwani alitaka kugeuka, ila nyuma yake palikuwa pamejaa.

Bi Kulthum akatoka. Ni wachache waliowahi kumwona akisimama mlangoni mwake mwenyewe. Alikuwa amejifunika buibui, uso tu ukionekana, na uso ule haukuonyesha kitu. Angeweza kufunga mlango. Lakini kuirudisha fitri ya mtu ni kumvunjia mwenzako ibada yake, naye hakulelewa hivyo. Akapokea ya kwanza kwa mikono miwili.

"Mungu aikubali," alisema.

Akapokea ya pili. "Mungu aikubali." Akapokea ya mtoto ambaye baba yake, fundi seremala, Ijumaa iliyopita alikuwa amepokea kwake. "Mungu aikubali, mwanangu. Msalimu mama." Fadhil alitoka akalibeba gunia kutoka kwa punda, akaliingiza ndani bila kumtazama mtu.

Alipokwisha wa mwisho, Bi Kulthum aliinua macho akamwona Ridhwani amesimama kando ya ukuta.

"Bwana Ridhwani," alisema kwa upole, kama mtu anayemkaribisha mgeni. "Na wewe je, hukuleta?"

Hakuna aliyeelewa swali lile ila wao wawili, na pengine Fadhil. Mlango ukafungwa. Msikitini alisali safu ya nyuma, na imamu alipotoa salamu, alibaki ameinama akijifanya anaomba dua ndefu.

Baada ya Idi alikwenda kuomba radhi. Fadhil alimpokea kwenye daka, pale nje penye viti vya mawe, akamkalisha, wala hakumkaribisha ndani.

"Mama asema hana hasira nawe," alisema. "Asema hilo nikwambie kwanza. Lakini ndani huingii."

"Nataka tu kumwambia..."

"Ajua unalotaka kumwambia, Bwana Ridhwani."

"Basi wewe jitayarishe. Safari yako ni mwanzo wa mwaka. Kila kitu tayari."

"Siendi."

"Fadhil, umefaulu. Usijiadhibu kwa kosa langu."

"Sijiadhibu. Nikivaa nguo zile za kamati, nikapanda chombo, kila atakayeniona atasema, hiyo ndiyo fitri yetu inasafiri. Mama pia hataki. Bwana Abdulghafur amenipa kazi dukani, kupima mchele. Nikipima, nalipwa. Kwa kazi." Kisha akaongeza, na hapo sauti ilimtoka ya kitoto, "Kofia Nana hauzi tena. Watu wanampa bei mara mbili, kwa kumwonea mama huruma. Mama amemwambia asizilete sokoni."

Bwana Abdulghafur aliposikia kwamba kijana amekataa alitikisa kichwa. "Kiburi cha watu wa Mkomani," alisema. "Wewe umefanya kazi yako." Na akatimiza ahadi yake kwa Mzungu.

Ridhwani aliipata kazi ya Mombasa. Alifikiria kuikataa. Alifikiria hivyo njia nzima kutoka ofisini mpaka chumbani kwake, akafika, akaanza kufunga nguo.

Mombasa alikuwa karani mzuri. Hilo halina shaka. Alikataza waombaji wasiulizwe hali zao mbele ya wenzao, kama ilivyokuwa desturi, foleni nzima ikisikiliza. Aliwashawishi wakubwa kwamba kamati ipewe nambari na si majina, ili anayeamua asijue anamwamulia nani. Mwanakamati aliyetaka kujua zaidi alijibiwa na Ridhwani kwa adabu kwamba hayo hayasemwi, na alipokasirika alijibiwa vivyo hivyo mara ya pili. Ilichukua miaka, lakini utaratibu wake ukaenea mpaka Malindi na Voi. Akapandishwa cheo. Makarani wachanga walitumwa wajifunze kwake.

Mara moja mkuu wa idara alimsifu mbele ya wageni, akamwuliza, "Busara hii uliipata wapi?"

"Amu," alijibu.

Wageni wakatikisa vichwa, wakasema watu wa Amu wana adabu ya zamani. Ridhwani akaangalia vidole vya miguu yake ndani ya viatu vyake vyeusi. Kila sifa aliyopata ilikuwa imenunuliwa kwa aibu ya Bi Kulthum, na yeye aliendelea kula faida yake.

Mwaka wa 1958 alirudi Amu kikazi. Mombasa palikuwa pamefunguliwa nafasi za wasichana kusomea ualimu, na yeye alikuja kuwasikiliza waombaji wa visiwani pamoja na Bi Umi, mwalimu wa Mombasa ambaye kazi yake ilikuwa kuwapima masomo. Walipewa chumba karibu na bandari. Msichana wa nne kuingia alikuwa na kaka yake. Msichana alikaa. Kaka akatoa salamu, akatoka nje kungoja. Alikuwa Fadhil, kifua kimepanuka, vumbi la mchele kwenye mikunjo ya shati.

"Wewe ni Hadia," alisema Ridhwani.

"Ndiyo, Bwana Ridhwani."

Alikuwa ameandaa maneno ya kuwaambia waombaji wote, na aliyajua kwa moyo. Akaanza. "Lolote utakalosema hapa..."

"Samahani," alisema Hadia. "Yatakayosemwa hapa yataishia wapi?"

Bi Umi aliinua kichwa. Hakuna msichana aliyewahi kuuliza hivyo.

"Yataishia hapa," alisema Ridhwani. Kisha akaona hiyo haitoshi. "Mara ya kwanza hayakuishia. Nilimpa mama yako ahadi, nikaivunja. Unajua."

"Najua. Nilikuwa nashona, nikakusikia ukisema hutasema." Alizungumza bila ukali, mikono imetulia mapajani. "Mama amenituma nije. Asema ualimu ni kazi njema, na asema pia umebadilika, watu wa Mombasa wanakusifu. Mimi sina neno. Ila kwako siwezi kusema. Naomba nimwambie Bi Umi."

Kazi ya Bi Umi haikuwa hiyo, na utaratibu ulimtaka karani asikilize mwenyewe. Ridhwani alikuwa ameuandika utaratibu ule kwa mkono wake. Akasimama.

"Bi Umi, msikilize wewe. Utanambia anastahili au hastahili, basi. Mengine usinambie."

Akatoka. Fadhil alikuwa amekaa barazani. Hapakuwa na mahali pengine pa kukaa, akakaa naye. Kwa ndani ilisikika sauti ya Hadia ikishuka, maneno yenyewe yasisikike.

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Macho kidogo yamepungua."

"Na dukani?"

"Alhamdulillahi. Bwana Abdulghafur ananiachia duka zima akisafiri."

Mtu alipita na punda, Fadhil akamsalimu kwa jina.

"Fadhil," alisema Ridhwani, "ungekuwa umemaliza shule zamani. Ungekuwa ofisini kama mimi. Mimi nimekukosesha."

Fadhil alifikiri kidogo. Hakuwa mtu wa kujibu haraka.

"Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa nakudanganya," alisema. "Na nikikwambia bado nina kinyongo, hilo nalo si kweli kila siku. Kuna siku hupita nisikukumbuke kabisa. Siku za fitri hukukumbuka." Akapangusa shati lake. "Bado wanaleta, unajua? Si wote. Lakini wako ambao kila mwaka huleta. Wameshazoea."

Mlango ukafunguka, Bi Umi akatoka. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Anastahili," alisema, na hakuongeza neno.

Ridhwani akarudi mezani, akaidhinisha. Hadia alimshukuru Bi Umi, akampa mkono. Alipompita Ridhwani alisema, "Kwa heri, Bwana," kwa adabu kamili aliyolelewa nayo, akatoka na kaka yake.

Aliyefuata alikuwa mzee wa Kipungani na bintiye. Mzee alikaa ukingoni mwa kiti, akatazama kulia na kushoto, akaanza kueleza hali yake kwa sauti ya chini. Ridhwani alimsikiliza neno kwa neno, kama alivyosikiliza mamia ya watu kabla yake, akaandika kila alichopaswa kuandika, lakini kwa muda wote ule hakuweza kumtazama usoni.